Mukrezeri, usinunue namba ya kartoni

Wandugu wakrezeri, mama na watoto mulio nyumbani, leo tuongee juu ya televizio. Najua wengine watasema: bei ya chakula inapanda, barabara ya Kamituga iko matope, na wewe unatuletea mambo ya telé? Ndiyo, juu makuta yenu njo inapotea pale.

Ndugu yangu mudogo alifanya miezi saba ndani ya karé kule Kamituga. Akashuka Bukavu na dola zake, akaenda kununua telé. Muuzaji akamuonyesha mbili, zote za pusu 55, zote 4K. Moja ilikuwa na etiketi kubwa juu ya kartoni: 800. «Hii picha yake inakimbia, petit, mpira utauona sawa uko uwanjani.» Akaongeza dola 180. Zile dola 180 zilikuwa minervali ya watoto wawili. Siku ya mechi, mpira ulikuwa ungali na mukia nyuma, sawasawa na kwa jirani. Akarudi kwa muuzaji, akajibiwa: «Namba si iko pale?» Ni kweli, namba ilikuwa pale. Hakuuliza tu: ni namba ya nini?

Tuelewane kwanza. Picha ya telé haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zinafuatana mbio mpaka jicho linadanganyika. Hz inaonyesha kioo kinaweza kubadilisha picha mara ngapi kwa segonde moja. Kioo cha 60 Hz kinabadilisha mara 60, cha 120 mara 120. Vioo vingi vya nyumbani viko 60, vya bei kali viko 120. Halafu 800 inatoka wapi? Makampuni yanachukua Hz ya kweli, yanaongeza hesabu ya taa inayozimika na kuwaka nyuma ya kioo, na ya programu inayotengeneza picha za katikati, kisha yanaita ile jumla jina lao. Samsung inasema Motion Rate, LG inasema TruMotion, Sony inasema Motionflow. Haya ni majina ya biashara. Hayaseme Hz ya kioo.

Kuna mutego mwingine. Nyuma ya telé kuna karatasi inasema «100-240V, 50/60Hz». Wauzaji wengine wanaweka kidole pale: «Ona, Hz iko hapa.» Hapana. Ile ni Hz ya kuran inayoingia. Kuran ya Congo iko 50 Hz, na telé inaigeuza ndani yake mbele ya kuitumia. Haina kazi yoyote na picha.

Sasa, picha yenyewe inakuja na mbio gani? Filamu za sinema zinapigwa picha 24 kwa segonde. Mpira wa satelaiti, kwa desturi ya Ulaya na ya kwetu, unafuata 50. Basi kama unaangalia mpira kwa dekodere na filamu kwa klé USB, kioo cha 60 kinatosha. Sitasema 120 ni bure. Inagawanyika na 24 bila kubakiza kitu, kwa hiyo filamu inapita laini zaidi. Kwa mpira, inaweza kutengeneza picha za katikati na kupunguza ule mukia. Na kijana mwenye PlayStation 5 ataona faida kwa michezo inayofika 120. Lakini ulipie 120 ya kweli, usilipie 800 ya karatasi.

Na mutu asifikiri Hz inaponyesha kila kitu. Kama chaneli inatuma picha mbovu, kioo cha dola elfu kitaonyesha ule ubovu vizuri zaidi. Mukumbuke CAN ya Côte d'Ivoire. Mpasi, kipa wetu, alifunga ile penalti ya kuitoa Misri. Tarehe 7 Februari 2024, mbele ya demi-finale, Léopards waliziba kinywa kwa mukono mumoja, vidole vya mukono mwingine vikielekea kichwani sawa bunduki, juu ya vita ya Mashariki yetu. Watu waliona ile kwa telé za zamani, kwa nganda, wengine kwa telefone yenye kioo kimepasuka. Wote walielewa.

Mukrezeri, wewe njo mutu wa mwisho anayepaswa kudanganywa na etiketi. Ukileta kasiterite ya Nyabibwe ao Numbi, negosian haangalie ukubwa wa mufuko. Anatafuta tenere. Ukiwa na mawe mengine ndani, anakata bei papo hapo. Na wewe ukikuta mizani yake inadanganya, unagombana mpaka watu wanajaa. Lakini ukifika kwa duka la telé, unanyamaza juu muko na vitrine na mwanga mingi. Ndani ya ile telé kuna étain iliyounganisha nyaya, na étain inatoka kwa kasiterite. Uliuza jiwe kwa kupimwa, na ununue telé kwa kupima.

Pima hivi. Uliza: «Kioo chenyewe kiko Hz ngapi, 60 ao 120?» Andika namba ya modèle, umupe kijana mwenye intaneti atafute kwa sité ya kampuni yenyewe. Usikubali video ya maua na samaki ya dukani, ile imetengenezwa kwa kuuza. Omba mechi, uangalie mpira ukivuka uwanja. Kisha omba fakture iandike ile Hz na garanti. Muuzaji wa kweli hataogopa kalamu. Anayekataa kuandika, amekwisha kujibu.

Na zile dola unazobakiza? Nunua kwanza stabilizatere. Huku kwetu telé nyingi hazife juu ya Hz kidogo. Zinakufa siku kuran inarudi kwa nguvu kisha delestaji, ao grupu inapanda na kushuka. Ukifika nyumbani, toa ile mode ya dukani yenye mwanga mukali, weka Standard ao Sinema. Macho yatapumzika, na wenye batri ya jua wataona inakaa zaidi. Kama filamu inaonekana sawa teatre ya kwaya, ingia kwa réglage, uzime ile programu ya picha za katikati.

Wamama, nanyi mukuwe pale siku ya kununua. Bwana anatoka shimoni na furaha ya makuta, na furaha haijue kuhesabu. Ninyi munajua minervali iko ngapi. Ndugu yangu bado anaangalia telé yake ya 800, na iko telé muzuri, sikatae. Lakini kila mwanzo wa trimestre, bibi yake anaiangalia kisha anamuangalia yeye, na hakuna anayesema kitu.