Mungu Ajua, Lakini Hasukumi

Katika vilio vya hapa Walungu lipo neno moja ambalo limenichosha. Mtu ameuawa usiku kwa risasi, ng'ombe wake wamechukuliwa, na majirani wamwambia mjane: "Nyamaza, mama, saa yake ilifika, Mungu alijua tangu zamani." Wasema kwa huruma, sikatai. Lakini neno hilo lamwondolea mwuaji kosa na kumtwika Mungu.

Hoja yao ni hii: Mungu ajua yote, ujuzi wake haukosei, basi yule mwizi hakuweza kutenda vingine. Mtakatifu Agustino, Mwafrika, aliijibu zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Wewe wakumbuka jambo la jana. Je, kukumbuka kwako ndiko kulikolifanya litokee? Vivyo hivyo ujuzi wa Mungu haulazimishi ya kesho. Kwake hakuna jana wala kesho, yote ayaona mbele yake. Simama kilimani siku ya soko la Mugogo uwatazame wanawake wenye mizigo ya mihogo: huyu ashika njia ya bondeni, yule ya juu. Macho yako hayakumwongoza hata mmoja.

Mfano huu ni mdogo, najua, kwa sababu Mungu hatazami tu. Ndiye awapaye hata nguvu za kutembea. Jinsi neema yake na hiari yetu zinavyoshikana, Wadominiko na Wajesuiti walibishana huko Roma tangu 1598 hata 1607, na Papa Paulo wa Tano akawaacha bila kuamua. Sitajidai mimi katekista kuyamaliza. Lakini pande zote mbili zilikiri kwamba mtu ana hiari, kama ulivyofundisha Mtaguso wa Trento.

Tena mtazameni Petro. Aliambiwa mbele kwamba atamkana Bwana, akamkana, kisha akalia kwa uchungu. Mbona alilia, kama alisukumwa?

Hata juu ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mzaliwa wa Walungu, aliyeuawa na askari mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, wako wasemao kwamba iliandikwa. Watu walikuwa wakiukimbia mji, yeye akabaki. Ukisema alilazimika kubaki, umemnyang'anya upendo wake. Ukisema askari walilazimika kuua, umewapa maondoleo pasipo kitubio.

Kijana mmoja alinijia juzi. Amempa binti wa watu mimba, naye akaniambia, "Katekista, Mungu alijua itakuwa hivi."

"Alijua," nikamjibu. "Ajua pia kama jioni hii utakwenda kwa baba yake au hutakwenda. Mimi sijui. Wewe ndiwe utakayechagua."

Alikaa kimya kitambo, akaokota kofia yake, akashika njia ya kwao yule binti.