Spika Bubu Zisitupwe Ovyo

Kuna jambo linalonikera. Spika za kompyuta zikinyamaza, hata zile mbili za nyuma tu, utasikia, "Hizo zimekufa, zinunuliwe zingine!" Jamani, ni nani aliyezipima? Nasi kamusi moja twaigombania watu wanne!

Seti hizi aghalabu huwa na spika ndogo tano na kubwa moja ya besi. Ichukue ile bubu uichomeke mahali pa nzima. Ikilia, haina kosa. Chunguza tundu ilikotoka au kompyuta yenyewe. Mara nyingi kompyuta imepangwa itoe sauti kwa spika mbili tu! Isipolia, ichomoe kabisa, kisha gusisha ncha za waya wake kwenye betri ya volti 1.5, mara moja tu. Ikisema "tak", koili yake ni nzima.

Kuifungua besi ni kazi ya fundi, kwani kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Lakini kupima huku ni fizikia yetu ya darasani. Walimu wetu, kabla hamjatoa pesa, tupeni alasiri moja na zile zilizorundikwa stoo. Betri tutaleta wenyewe.