Simba wa Mtaa wa Banda

Kama wewe ni mwenyeji wa Ngoliba, au umewahi kuwapeleka watoto kutazama maporomoko ya Fourteen Falls, basi mlima Kilimambogo unaujua. Huko ndiko alikozikwa Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925. Watu hupanda, hutazama kaburi, hupiga picha, kisha huteremka. Lakini McMillan ana kumbukumbu nyingine kubwa zaidi, nayo iko Nairobi. Ni Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, ubavuni mwa Msikiti wa Jamia. Mjane wake, Lady Lucie, ndiye aliyeijengesha, na ikafunguliwa mwaka wa 1931.

Siku utakayofika hapo, usikimbilie mlango. Simama ng'ambo ya barabara uitazame. Utaona simba wawili wa mawe wakilinda ngazi, na juu ya ngazi nguzo nene zilizojipanga mbele ya baraza. Mlango uko katikati. Ukichora jengo hilo kwenye karatasi kisha uikunje katikati, upande wa kulia utalalia wa kushoto barabara. Huo ndio mtindo wa Wagiriki na Warumi wa kale, ambao Wazungu waliufufua katika karne ya 18 na kuupendelea kwa mahakama, mabunge na benki. Nguzo hubeba uzito wa paa la baraza, na baraza hukinga jua kali. Lakini kuna kazi nyingine ambayo fundi wa mawe hakuambii: ukipanda ngazi hizo unajiona mdogo, na mwenye jengo unamwona mkubwa.

Na kwa wazee wetu, jambo hilo halikuwa la kujionea tu. Hadi mwaka wa 1958 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyepita Mtaa wa Banda aliwaona simba, akahesabu nguzo akitaka, kisha akaenda zake. Vitabu vilikuwa ndani, yeye nje! Baadaye baraza la jiji likaichukua, na mtoto wa Kaloleni akaketi pale pale alipokuwa akiketi bwana mkubwa.

Jengo jingine la mtindo huo liko kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway: ofisi ya zamani ya PC, iliyojengwa mwaka wa 1913. Hapo ndipo walipoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Maafisa walipohama, kuta hazikubomolewa. Tangu 2005 ni nyumba ya sanaa, na mna mikusanyo ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais.

Mkipanga safari, ulizieni kwanza kama maktaba iko wazi, maana majengo ya umri huo hufungwa kwa ukarabati. Na watoto wabebe penseli. Kuchora nguzo kwaweza kufanywa hata kutoka barabarani.