Tandawala wa Jangwa la Thar

Jangwa la Thar liko magharibi ya Bara Hindi, na sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Rajasthan. Mvua ya huko ni haba mno. Hata hivyo mtu asidhani kuwa nchi hiyo ni tupu, maana wamo paa, mbweha, tai na ndege wa namna nyingi.

Mwaka 1980 ilitengwa nchi ya yapata maili za mraba 1,200 karibu na mji wa Jaisalmer, iwe hifadhi ya wanyama na ndege wa jangwani. Mashuhuri kati yao ni ndege aitwaye godawan, jamaa ya tandawala mkubwa aonekanaye katika mbuga za Kenya. Dume lake huweza kufikia uzito wa ratili 30. Jike hutaga yai moja tu kwa kawaida, tena juu ya ardhi tupu, ambapo mbweha, mbwa na kwato za mifugo huweza kuliharibu. Hula panzi na mende, wadudu ambao mkulima hawapendi.

Wenyeji wa Thar wana desturi ya kale ya kuhifadhi viumbe. Wabishnoi hukatazwa na dini yao kuua wanyama na kukata miti mibichi. Mwaka 1730, katika kijiji cha Khejarli, watu 363 waliuawa kwa kuikumbatia miti iliyotakiwa na mfalme wa Jodhpur. Na katika kijiji cha Khichan, maelfu ya korongo wafikao kila majira ya baridi hulishwa nafaka na wanakijiji.

Lakini godawan wamepungua sana, hata hawazidi 200 porini. Zamani adui yao alikuwa bunduki, nayo sheria ya mwaka 1972 ikakataza kuwawinda. Kisha mifereji ikaleta maji, na majani waliyokaa yakageuzwa mashamba. Siku hizi adui mkubwa ni nyaya za umeme. Jua kali la Thar hutoa umeme mwingi, na nyaya zake hupita angani. Godawan ana macho ya pembeni, haoni vema mbele yake. Na kwa kuwa ni mzito, akiuona waya huwa amekwisha chelewa kugeuka.

Mwaka 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Bara Hindi iliamuru nyaya zifukiwe ardhini palipowezekana. Mwaka 2024 amri hiyo ililegezwa, na wataalamu wakateuliwa kutafuta njia ya kuwaokoa ndege bila kuizuia kazi ya umeme. Wakati huo huo, mayai yaliyookotwa porini huanguliwa kwa mashine, na vifaranga hulelewa kwa uangalifu.

Shida yenyewe si ya wema kupigana na ubaya. Maji ni mema, na umeme wa jua ni mwema pia. Lakini mkulima anayelima mpaka ukingo wa mto, asiache hata ukanda wa majani, huvuna vizuri mwaka wa kwanza, kisha mvua huja ikachukua udongo wake. Jambo jema nalo lahitaji mpaka, na mpaka huwekwa mapema. Yai moja kwa mwaka halingojei mashauri marefu.