Bendi Si Mali ya Mwimbaji Peke Yake

Miongoni mwa dhana zilizokita mizizi katika vichwa vya wapenzi wa muziki, hakuna iliyopokewa kwa wepesi na kuhojiwa kwa nadra kama ile isemayo kwamba bendi ni mwimbaji wake, na kwamba waliobaki, wawe wapiga gitaa au wapiga ngoma, ni vibarua wa akili yake tu. Hivyo kila wakifanyacho mbali naye huhesabiwa mchezo wa kupitishia wakati, ilhali akifanyacho yeye huitwa sanaa. Dhana hii ni batili, na ubatili wake haudhihiriki mahali popote kama katika habari za Talking Heads, bendi ya New York iliyokuwa katika safu ya mbele ya muziki uliozaliwa baada ya wimbi la panki.

Walikuwa wanne: David Byrne, mwimbaji, Chris Frantz, mpiga ngoma, Tina Weymouth, mke wa Frantz na mpiga besi, na Jerry Harrison, aliyeshika kinanda na gitaa. Mwaka 1980 walitoa Remain in Light, santuri iliyojifunza mengi kwa mwanamuziki Fela Kuti wa Nigeria, ambayo nyimbo zake huzunguka juu ya mdundo mmoja usiokatika, kila chombo kikiongeza kidogo juu ya kilichotangulia. Kisha wakapumzika, na mwaka 1981 kila upande ukaleta kazi yake, hata mwenye kutaka kuwalinganisha hana haja ya kubahatisha, maana ushahidi wote ni wa mwaka mmoja.

Byrne, pamoja na mtayarishaji wa muziki Brian Eno, alitoa My Life in the Bush of Ghosts, iliyochukua jina la riwaya ya Amos Tutuola ya mwaka 1954, na ambayo badala ya kuimbwa ilijazwa sauti za wahubiri wa redio na za waimbaji waliorekodiwa na wengine. Ni kazi ya ujasiri, na wengi waliojifunza kutunga muziki kwa vipande vya sauti wana deni kwake. Lakini insafu yataka tuseme pia kwamba wimbo mmoja uliweka kisomo cha Kurani juu ya midundo, Waislamu wakalalamika, na katika matoleo ya baadaye ukaondolewa. Ujasiri, basi, si kinga ya makosa. Fauka ya hayo, katika wimbo uitwao Regiment anayepiga ngoma ni nani, kama si yule yule Frantz? Hata kazi tunayoambiwa ni ya akili ya mtu mmoja haikusimama bila mikono ya mwenziwe.

Frantz na Weymouth nao walikwenda Nassau, visiwani Bahamas, katika studio za Compass Point, wakaunda Tom Tom Club pamoja na fundi sauti kijana wa Jamaika, Steven Stanley, huku dada zake Weymouth wakiimba. Wimbo wao Wordy Rappinghood uliingia katika nyimbo kumi bora za Uingereza, na Genius of Love ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za dansi Marekani. Usikilizeni wimbo huu wa pili kwa makini: besi inakwenda bila pupa, makofi yanajibu ngoma, kinanda chembamba kinapita juu kwa mzaha, na waimbaji wanataja kwa heshima majina ya James Brown, Smokey Robinson na Bob Marley, walimu waliowatangulia. Mwaka 1982 wanarap Grandmaster Flash na wenzake waliujenga wimbo wao juu ya mdundo huo, na mwaka 1995 mwimbaji Mariah Carey akautia katika wimbo wake Fantasy, uliofika kileleni Marekani. Mchezo gani huu wa kupitishia wakati, unaoishi katika vinywa na miguu ya vizazi viwili?

Harrison naye alitoa The Red and the Black, santuri isiyopata soko kubwa. Walakini, alipogeuka kuwa mtayarishaji wa kazi za wengine, Throwing Copper ya bendi ya Live, ya mwaka 1994, aliyoisimamia yeye, iliuzwa kwa mamilioni.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Mwaka 1996 hawa watatu walitoa santuri bila Byrne, wakijiita The Heads na kuazima waimbaji wengine, nayo haikufua dafu. Ni kweli, na sina haja ya kuificha, kwa maana hoja hiyo yanisaidia mimi: sisemi kwamba Byrne hakuwa kitu, bali kwamba hakuwa kila kitu. Naye alipotoa Rei Momo mwaka 1989, alijizungushia wanamuziki wengi wa asili ya Amerika ya Kusini na Karibi, kwa kuwa alijua anachokisahau mshabiki wake, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Tazameni filamu ya tamasha la Talking Heads ya mwaka 1984, Stop Making Sense. Byrne anaanza peke yake na gitaa, na watu husema: huyu ndiye bendi. Lakini wimbo wa pili Weymouth anaingia na besi, wa tatu Frantz anakaa kwenye ngoma, wa nne Harrison anafika, na kila mmoja aingiapo muziki unazidi uzito. Baadaye Byrne anaondoka jukwaani kwenda kubadili nguo, Tom Tom Club wanapiga Genius of Love, na hadhira haipungukiwi na kitu.

Dhana kwamba bendi ni mwimbaji wake huishi kwa sababu sikio la mvivu hushika maneno na kuuacha mdundo, na mwandishi wa habari humhoji aliye karibu na kipaza sauti. Matokeo yake ni dhuluma: mwanamke aliyeshika besi huitwa mke wa mpiga ngoma, na mpiga ngoma huitwa msindikizaji. Nawasihi wasikilizaji na waandishi wa muziki: mkitaka kuhukumu bendi, sikilizeni kwanza kila mmoja alichokifanya alipokuwa mbali na wenzake, kisha ndipo mtoe hukumu. Kwa Talking Heads hukumu ni moja: walikuwa wanne, na heshima ni ya wote wanne.