Saa ya Abti Haiwaki Gizani? Usikimbilie Fundi

Tuseme uko Lafey, pale Mandera mpakani, na abti yako aliyehustle Muscat miaka ya themanini amekuachia Rolex. Uso umegeuka manjano, vidoti vimekufa, usiku huoni kitu. Kila mse anakushow uitume Eastleigh ikawekwe uso mpya. Buda, tulia kwanza.

Hiyo rangi iliyochoka ndiyo doo. Watu wa minada hawalipii chuma tu. Wanalipia uso, mishale na ile rangi ya kuwaka, vikiwa vile vile vilivyotoka kiwandani. Fundi akikubadilishia, hata kwa spea orijino, saa itang'aa na bei itaanguka. Na fundi si mbaya, yeye anajua saa ni ya kusoma masaa.

Kama ni wewe unanunua, shika hii rada. Zamani walipaka radiamu, kisha kutoka miaka ya sitini wakahamia tritiamu. Ndio maana saa nyingi za enzi hizo zina herufi T chini ya namba sita, kando ya neno Swiss. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi, na Rolex iliiacha mwishoni mwa miaka ya tisini. So mtu akikuletea Rolex "ya 1975", imulike na tochi ya simu, kisha zima. Giza la Lafey litakusaidia. Ikiwaka kijani kali na ikae hivyo dakika kumi, hiyo rangi ni ya juzi. Mishale ikiwaka na uso umelala? Hao hawakuzaliwa pamoja.

Ile ya radiamu usiifungue wala kuikwaruza. Haiwaki tena, lakini sumu bado iko, nusu yake huchukua miaka 1,600 kuisha. Wasichana wa viwanda vya New Jersey walikuwa wanalamba brashi wakipaka, na wengine walikufa.

Kwa wale wenye familia Oman, hapa ndio mnachezwa sana. Sultan Qaboos aliagiza Rolex zenye nembo ya jambia usoni, akawa anazigawa kama zawadi. Leo hiyo nembo inapandisha bei vibaya, so wajanja wanaichapisha kwenye uso wa kawaida. Saa yenyewe ni Rolex kweli. Uongo uko kwa wino tu.

Na usidhani ni washamba pekee wanapigwa. Novemba 2021 huko Geneva, Omega Speedmaster ya 1957, uso umegeuka kahawia, ilienda kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi? Omega wenyewe, waiweke kwa makumbusho yao. 2023 ikajulikana ni saa ya kuunganisha, spea za huku na kule, na Omega ikalaumu waliokuwa wafanyakazi wake. Kampuni iliyotengeneza saa ikauziwa mtumba wake!

So ya abti ikisimama, kabla ya kuipa mtu wa basi, piga picha ya uso karibu kabisa, na namba zilizochongwa kwa chuma. Mwambie fundi asafishe mashine pekee, asiguse uso, asing'arishe chuma. Na kama lazima spea ibadilishwe, ile ya zamani irudi kwa bahasha, hata kama imevunjika.