Kwanza Ndama, Kisha Kundi



Kila mtu aliyekulia katika vilima vya Tarime au nyanda za Serengeti ajua ya kuwa mtoto hakabidhiwi kundi siku ya kwanza. Huanza kwa kuchunga ndama karibu na ua, mamaye akimtazama. Akiisha kuaminika hupewa mbuzi. Na baada ya miaka ndipo afuatapo ng'ombe pamoja na kaka zake mpaka malisho ya mbali. Ndama akipotea, jirani humrudisha kabla ya jua kuchwa, na mtoto hupata karipio. Kundi likipotea, nyumba nzima imeingia umaskini. Basi wazee hawakuweka daraja hizo kwa kumdharau mtoto, bali wapate kumwacha akosee mahali ambapo kosa lake laweza kutengenezwa.

Twasikitika kwamba sisi tushikao kalamu tumelisahau jambo hilo. Mwandishi wa maneno haya hana budi kuanza na kosa lake mwenyewe. Katika mwaka wake wa kwanza kazini aliambiwa ashike daftari la stempu. Aliiona ni kazi ya kitoto kwa mtu aliyemaliza sekondari, akaifanya kwa uvivu mpaka akaondolewa. Mwaka wa pili, mtunza fedha alipokwenda likizo, alijitokeza kushika kasha la matumizi madogo, akakubaliwa. Mwisho wa mwezi hesabu haikuoana na fedha. Hapana aliyeiba, ila alikuwa akitoa fedha kwa maneno ya mdomo tu, pasipo kudai stakabadhi, naye alilipa kwa mshahara wake muda wa miezi mitano. Daftari la stempu lingalimfundisha jambo lile lile kwa hasara ya stempu moja.

Wako waliotutangulia ambao hawakudharau madogo. Mwaka 1922, huko Tanga, watumishi Waafrika wa serikali, Waislamu kwa Wakristo, wakiongozwa na Martin Kayamba, walianzisha chama chao. Hawakuwa na uwezo wa kutunga sheria hata moja ya nchi. Lakini walijizoeza kukutana, kushauriana na kuongozana wenyewe. Mwaka 1929 ikaanzishwa African Association katika Dar es Salaam, na kutoka katika chama hicho, kilichokuja kuitwa TAA, ndimo ilimozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Na jirani yetu wa Butiama, Julius Nyerere, hakuanza na nchi. Alianza na chama cha wanafunzi wenzake Makerere, akatumika katika tawi la TAA la Tabora alipokuwa mwalimu, akachaguliwa rais wa TAA mwaka 1953. Na uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa Waziri Mkuu.

Twayasema haya kwa kuwa mweka hazina wetu atastaafu mwisho wa mwaka huu. Mfuko anaouacha si wa chai; ndio umzikao mwanachama na kuwalipia yatima wake karo. Vijana wengi waitaka nafasi hiyo, wala hatuna neno juu ya elimu yao. Lakini ni wangapi walioitika tulipotafuta mtu wa kukusanya ada katika ofisi moja tu? Wazee nao wasiwacheke, maana kwa miaka mingi wameshika funguo zote, wasimwonyeshe kijana hata ukurasa mmoja wa daftari.

Shauri letu ni hili: tangu mwezi ujao kila ofisi, Tarime na Mugumu, imchague kijana mmoja kukusanya ada, kutoa stakabadhi, na kuisoma hesabu yake mbele ya wenzake kila mwisho wa mwezi. Mzee mmoja akae kando yake, ila asimshikie kalamu. Akikosea shilingi mia, tutamkaripia na kumsahihisha, na kesho ataendelea. Kisha siku ya uchaguzi tutakuwa na watu tuliowaona kazini, wala hatutapiga kura kwa kutazama vyeti na ufasaha wa maneno.

Afadhali ndama apotee leo, naye aonekane jioni, kuliko siku moja mjane wa mwenzetu kufika mlangoni akaambiwa kasha ni tupu.